Viganja Vitatu vya Nyongeza

Si kwamba nchi hii ilikosa jina. Jina ilikuwa nalo, tena refu, lenye Jamhuri mbele na Neema nyuma. Ila ramani iliyolionyesha ilichapishwa katika kiwanda cha hukohuko, na mvua ya kwanza ilipopenya bati la shule, wino ukateremka ukutani pamoja na mito na milima. Tangu hapo watu waliiita Nchi tu, wakaona inatosha.

Katika Nchi kila kitu kilikuwa kinaboreka. Wizara ya Uaminifu wa Biashara ilisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka ilisema kwa kipaza sauti kikubwa zaidi. Viwanda vilitengeneza miavuli mizuri ya jua, na karatasi iliyofungwa kwenye mpini ilieleza kwa adabu kwamba mvua haimo katika makubaliano. Viberiti vilikuwa vya usalama kwelikweli, maana havikuwaka. Balbu zilikuja na hati ya dhamana ya miaka mitano, na hati yenyewe ilikuwa ya karatasi ngumu ya kupendeza, kiasi kwamba balbu ikifa siku ya tatu watu waliitundika hati sebuleni, nyumba ikapata hadhi, ingawa gizani.

Wakorofi wachache, wengi wao wazee, walisema zamani haikuwa hivi. Wizara ikaamua kuwajibu kwa sayansi. Iliunda Tume ya Kulinganisha Uaminifu wa Jana na wa Leo, na tume ikakaa hotelini miezi kumi na minane ikitafuta kipimo kisichopingika. Mwishowe ikakipata. Kipimo ni nyongeza.

Nyongeza kila mtu anaijua. Umepimiwa kilo yako ya maharage, mizani imetulia, muuzaji anachovya tena mkono guniani na kukudondoshea kidogo juu yake. Huo ndio moyo wa biashara. Tume iliwahoji vikongwe, ikabaini kuwa enzi za mababu nyongeza ilikuwa nusu kiganja, na siku nyingine hakuna kabisa. Siku hizi ni viganja vitatu vilivyojaa. Kwa hiyo uaminifu ulikuwa umepanda mara sita. Mchoro wa kuonyesha kupanda huko ulikuwa mrefu hata ikabidi karatasi mbili ziungwe kwa gundi ya kiwandani, na Waziri alipoufungua mbele ya wageni, nusu ya juu ikaanguka.

Kilo yenyewe hakuna aliyeiulizia. Kilo ni kilo.

*

Sasa katika Soko la Mkunguni, kizimba nambari kumi na nne, pale langoni penye kivuli, aliuza mchele na maharage mama mmoja aitwaye Bi Sikudhani. Kizimba alirithi kwa bibi yake, na mdomo pia. Mbele ya magunia aliweka benchi la watu sita, ambalo kwa kawaida lilikaa watu kumi na mmoja, wengine nusu tako. Hapo ndipo ulipojua nani kaposwa, nani kaachwa, na nani anajifanya kafunga kumbe anamalizia chapati chooni. Watu walikuja kwa habari wakaondoka na maharage, na Bi Sikudhani hakuwahi kujiuliza nafsini mwake ni kipi kati ya viwili hivyo anachokiuza.

Nyongeza zake zilijulikana mji mzima. Alizitoa kwa maneno, kiganja kwa kiganja, benchi zima likimwitikia: hiki cha watoto, hiki cha mgeni, na hiki cha mbaya wako, ashibe anyamaze. Mteja alicheka, akaondoka akimwombea dua.

Jiwe lake la mizani lilikuwa kama mawe yote ya soko lile. Lilikuwa limepita kwa fundi, likatobolewa chini, likatolewa chuma chake cha ndani, likajazwa nta na kupakwa rangi nyeusi. Bi Sikudhani hakuona wizi hapo. Ndivyo jiwe lilivyonunuliwa, kama suruali inavyopunguzwa miguu kabla ya kuvaliwa. Na uzoefu ulimfundisha jambo: mpunje mtu robo kisha umrudishie viganja vitatu, atakupenda mpaka kaburini. Mpe kilo yake kamili, ataondoka tu.

Basi ikakaribia Wiki ya Uaminifu. Amri ikatoka kwamba mawe yote ya mizani yaoshwe, yaanikwe na yapakwe rangi ya kijani, ili Waziri akipita ayaone yanapendeza. Bi Sikudhani akaosha lake na kulianika juu ya sementi, kisha akageukia habari moja nzito ya bwana harusi aliyetokwa na meno ya bandia wakati wa kula kiapo. Habari ile ilikuwa ndefu, na jua la siku hiyo halikuwa la utani. Alipogeuka, jiwe lilikuwa limekaa katikati ya kidimbwi cha nta, na ukiligonga linalia kama kopo.

Jirani yake wa kizimba cha kumi na tano, Mama Kidawa, alikuwa wa kwanza kuona. “Shoga, jiwe lako limeshindwa kuvumilia,” akamwambia. “Linalia.”

Fundi alikuwa amezongwa na mawe ya soko zima yanayongoja kijani, akamwambia arudi baada ya siku kumi. Bi Sikudhani akaenda nyumbani, akaingia jikoni, akachukua jiwe la bibi yake. Lilikuwa donge la chuma lenye kipete juu, na kwa miaka thelathini lilikuwa halijafanya kazi nyingine ila kuponda vitunguu saumu. Aliliona zito. Akasema ni uzee unamwingia mikononi.

*

Siku ya kwanza gunia lililozoea kutoa kilo mia na ishirini kasoro moja lilitoa tisini na mbili, likaisha. Bi Sikudhani alimlaani aliyemuuzia gunia, na ukoo wake mpaka babu wa tatu. Siku ya pili lingine likafanya vilevile. Siku ya tatu alilikamata jiwe la bibi kwa mkono mmoja na ganda la jiwe lake kwa mwingine, akatulia, akaelewa. Na hakumwambia mtu, jambo ambalo halikuwahi kutokea maishani mwake.

Dawa aliyoiona ni moja: kukata nyongeza mpaka fundi apate nafasi. Akapima kilo, sahani zikakaa sawa, akafunga mfuko. Mteja akabaki amesimama na kikapu wazi.

“Na nyongeza, Bi Siku?”

“Kilo imetimia, mwanangu.”

Yule mama alitazama kikapu, akatazama benchi, benchi likatazama chini. Mfuko wake ulikuwa mzito kuliko mfuko wowote aliowahi kubeba kutoka soko lile, lakini alikwenda akisema njia nzima kwamba Bi Sikudhani kaharibika, keshaanza roho ya kutu, labda ni mambo ya mume. Kufikia Jumatano benchi lilikaa watu wanne. Ijumaa lilikaa paka. Habari zote za mji zikahamia kwa Mama Kidawa, aliyekuwa amenunua benchi jipya, na ingawa mguu mmoja wa benchi hilo ulikatika mchana uleule, watu waliendelea kulikalia hivyohivyo limeinama.

Bi Sikudhani alikaa peke yake kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili, akasikia soko linavyolia. Hakupenda.

Aliyebaki kumjia ni mmoja tu, Mzee Kitwana. Huyu zamani alikuwa mpishi wa harusi, mtu wa kuagizwa kutoka miji mitatu. Pilau yake ilikuwa punje kwa punje, ukiipuliza, zinatawanyika. Kanuni aliachiwa na baba yake, naye hakuibadili: kwa kila kilo ya mchele, bakuli mbili za maji, bakuli lile lile la bati. Halafu mambo yakamgeuka. Mwaka baada ya mwaka pilau ilianza kulainika, ikashikana, mpaka kwenye harusi moja ya mwenye duka wageni walipewa vijiko na wakamwuliza kama kuna mgonjwa. Watu wakasema mkono umemtoka. Naye mwenyewe akasema ndiyo, mkono umenitoka, akatundika mwiko, mwaka wa tisa sasa. Alinunua kilo moja kwa wiki, akajipikia uji wake wa pilau, akala akiwa amegeukia ukuta.

Jumamosi ile alinunua kilo yake bila kuuliza nyongeza. Jumapili mchana akarudi, amebeba sufuria limefunikwa kwa kawa. Aliweka juu ya magunia, akafunua. Bi Sikudhani alitazama. Kila punje ilikuwa imesimama peke yake, haitaki kujuana na mwenzake.

“Sijabadili maji,” Mzee Kitwana akasema. “Moto ni uleule. Binti yangu, umenitilia nini kwenye mchele?”

“Sijakutilia kitu, mzee wangu.”

“Basi miaka tisa nimemlaani nani?”

Machozi yalimshuka yakaingia kwenye ndevu. Bi Sikudhani, mwanamke mwenye jibu la kila kitu, alichukua punje kadhaa akatafuna ili mdomo uwe na kazi. Kisha mzee akamweleza kwamba ameyasikia ya mpwa wake anayeoa Jumamosi ijayo, na kwamba, akijisikia mkono umerudi, amekwenda kujitolea kupika. Wamekubali, kwa huruma zaidi kuliko kwa imani. Mchele wa kilo arobaini. Atachukua hapa.

*

Alhamisi fundi alikuwa tayari. Bi Sikudhani akatia jiwe la bibi kapuni ili likatobolewe kama mawe mengine, arudishiwe viganja vyake na benchi lake. Alifika mpaka mlangoni kwa fundi. Akafikiria kilo arobaini, bakuli themanini za maji, na wageni mia mbili wakiomba vijiko. Akageuka na kapu lake, akiitukana pilau njia nzima.

Na aliporudi kizimbani akamkuta Mkaguzi Sostenes anamsubiri na fomu.

Malalamiko yalikuwa yameingia sanduku la maoni, kumi na manane, mengi yakiwa na mwandiko wa Mama Kidawa. Mkaguzi Sostenes alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu nne mfukoni, moja ikiandika. Alihesabu nyongeza kwa wateja wawili wageni waliopita: sifuri, sifuri. Kisha akaweka jiwe la bibi sahani moja, na nakala ya Jiwe la Taifa sahani nyingine, na nakala ikaruka juu kama imeitwa na mwalimu. Mkaguzi alivuta pumzi. Aliandika makosa mawili: kunyima nyongeza mfululizo, na kumiliki kilo nene kuliko kilo ya Taifa. Adhabu ya kosa la pili ilikuwa kunyang’anywa kizimba siku hiyohiyo ya hukumu. Shauri lingesikilizwa kesho asubuhi sokoni, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo ndiyo ilikuwa kilele cha Wiki.

Mkaguzi alipogeuka kuondoka, alimkuta Mama Kidawa amepiga magoti ndani ya kizimba cha kumi na nne na futi ya fundi cherehani, anapima upana.

“Endeleeni tu,” Mama Kidawa akasema. “Mimi siwasikilizi.”

*

Waziri wa Uaminifu wa Biashara, Mheshimiwa Daktari Nikodemu Pambije, alikuwa mtu wa kilo mia na thelathini, na alipenda zitajwe kwenye utambulisho. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea, kilichotengenezwa Nchini, kikishikiliwa kwa nyuma na walinzi wawili kisianguke.

Alihutubia saa moja na nusu. Alisema uaminifu wa wafanyabiashara wetu umepita ule wa mababu, na uko mbioni kupita ule wa malaika, isipokuwa malaika hawana takwimu. Alisema wanaosifia ya zamani ni watu waliosahau kufa. Kisha kabati la kioo likaletwa, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, Jiwe la Taifa.

Jiwe hili lilikuwa na mila yake. Kila waziri mpya, siku ya kuapishwa, hulisugua kwa majivu na mchanga mbele ya wapiga picha, kuashiria kwamba amekuja kusafisha biashara. Mawaziri ishirini na saba walikuwa wameshalisugua, na wengine walikuwa na bidii. Lililoanza na ukubwa wa ngumi sasa lilikuwa na ukubwa wa pera. Na wasilaumiwe mafundi wa soko: wao walitoboa kwa uaminifu, kila mwaka wakilifuata Jiwe la Taifa lilipo.

Mizani ikawekwa. Jiwe la bibi huku, Jiwe la Taifa kule. La Taifa likapaa.

Soko lote likasogea. Mzee Kitwana, aliyekuwa mbele kabisa na sufuria lake ubavuni, alikuwa ameanza kuinua mkono kuomba neno, ili awaeleze watu habari ya bakuli mbili za maji. Wakati huo mshauri wa Waziri alikuwa ameinama sikioni kwa bosi wake, na kwa kuwa mkononi alishika kipaza sauti cha Nchini alichodhani hakifanyi kazi, safu tatu za mbele zikasikia. Alisema hivi: jiwe hili likiwa ndilo kilo, basi mavuno ya mwaka jana yaliyovunja rekodi yalikuwa njaa. Watoto wa Nchi waliozaliwa na kilo nne na nusu, ambao Wizara ya Afya ilipewa nishani kwa ajili yao, walizaliwa wa kawaida tu. Na Mheshimiwa mwenyewe, akipimwa leo, atakuwa na kilo tisini na nane.

Waziri alijishika tumbo. Mke wake alikuwa safu ya pili. Hakuwa tayari kupoteza kilo thelathini na mbili asubuhi moja, hadharani, akiwa amekaa.

Bi Sikudhani aliiona ile sura. Miaka ishirini na mbili ya kutazama nyuso za wanunuzi ilimfundisha kujua mtu anataka kununua nini kabla hajafungua mdomo. Mbele yake alikaa mtu aliyetaka kwa hali na mali jiwe lile lisiwe kilo, na ambaye angevunja kizimba, soko na Mzee Kitwana juu yake ili lisiwe. Akamkata jicho Mzee Kitwana: teremsha mkono huo. Mkono ukashuka.

“Mheshimiwa,” akasema, “nani amesema hilo ni jiwe la mizani? Hilo ni la bibi yangu, la kupondea saumu. Linuseni.”

Mkaguzi Sostenes akalinusa. Akapiga chafya. Likapita meza kuu, kutoka pua hadi pua, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa unafuu mkubwa. Ilikuwa saumu, hakuna ubishi. Waziri alilinusa mara mbili, akalikumbatia kidogo.

Uamuzi ulisomwa papo hapo. Kwamba kitu kilicholetwa ni chombo cha jikoni, na Nchi haijawahi kuwa na ugomvi na vyombo vya jikoni. Kwamba chombo hicho kirudishwe kwa mwenyewe. Kwamba kizimba nambari kumi na nne kibaki kwake, kwa sharti moja: nyongeza irudi, viganja vitatu, vilivyojaa, vinavyoonekana na umma, na Mkaguzi Sostenes akae hapo kila siku kuvihesabu.

Mama Kidawa alikunja futi yake taratibu, kama mtu aliyekuwa akipima hewa.

*

Mkaguzi akaketi benchini, fomu magotini. Mteja wa kwanza akaja, kisha wa pili, kisha benchi likaanza kujaa, kwa sababu habari ya kipaza sauti cha mshauri ilikuwa tamu na Bi Sikudhani ndiye aliyejua kuisimulia.

Jiwe la bibi alilirudisha kwenye mizani. Mkaguzi aliangalia kanuni zake. Zilikataza mawe mazito kuliko la Taifa; juu ya vyombo vya jikoni hazikusema. Humo sokoni wauzaji wengine walipimia kufuli, betri na pasi iliyovunjika mpini, na hakuna aliyeshitakiwa. Hata hivyo, ili kuondoa shaka, kila asubuhi Bi Sikudhani aliponda kwa jiwe hilo punje moja ya saumu mbele yake.

Kisha alifanya hivi. Alipima kilo ya bibi, sahani zikakaa sawa. Akatoa viganja vitatu kwenye kilo hiyo, akavishusha kwenye ungo uliokuwa mapajani chini ya kanga, akiuliza mteja habari za nyumbani. Kisha akavichota tena kutoka ungoni, kimoja kimoja, akavirudisha kwa mkono wa juu kabisa, benchi zima likiitikia: hiki cha watoto, hiki cha mgeni, na hiki cha mbaya wako, ashibe anyamaze. Mteja aliondoka na kilo moja kamili, haikupungua punje, akicheka na kumwombea dua. Bei ilikuwa imepanda kidogo, watu wakanung’unika kidogo, lakini kiganja cha tatu husahaulisha mengi. Mkaguzi alitia alama tatu kila safari.

Hivyo katika Nchi nzima alikuwapo mfanyabiashara mmoja aliyempa mtu haki yake, naye ilimbidi aitoe kwa kiinimacho.

Jioni ya siku ile ya shauri Mzee Kitwana alichukua kilo zake arobaini.

*

Harusi ilihudhuriwa na Waziri, kwa kuwa harusi zote zilizokuwa na nyama zilihudhuriwa na Waziri. Pilau ilipofunuliwa watu walisogea. Mtu mmoja akapuliza sahani yake kwa utani, punje zikatawanyika, na wazee wawili wakaangaliana. Vijiko vilibaki kwenye kapu.

Mheshimiwa Pambije alimaliza sahani ya kwanza bila kuongea, jambo ambalo wasaidizi wake waliliandika. Kisha akasimama, mdomo unang’aa mafuta. Akasema hawa wanaolialia kwamba zamani ndiko kulikuwa na ubora, waje waonje pilau hii ya leo. Zamani pilau kama hii ingetoka wapi? Akasema huu ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta, na kwamba mchoro mpya utahitaji karatasi tatu. Mzee Kitwana alikuwa ameegemea jiko, mwiko mkononi, jasho limemlowesha. Aliinamisha kichwa kwa heshima, na alipokiinua alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

Waziri akanyoosha sahani ya pili. Aliyekuwa akipakua ni Bi Sikudhani, kwa kuwa shughuli ya watu asingeweza kuikosa. Akamjazia. Waziri hakuondoa sahani.

“Na nyongeza, mama?”

Bi Sikudhani akachota. “Hiki cha watoto,” akasema. Akachota tena. “Hiki cha mgeni.”

Akachota cha tatu, kikubwa kuliko vyote, akakiweka juu kabisa, akakipigapiga kwa mgongo wa upawa. Ua mzima ulikuwa umeacha kutafuna.

“Na hicho?” Waziri akauliza.

“Hicho, Mheshimiwa, ni chako.”

Akala, akashiba, akanyamaza.